Bonasi, Udhu na Maji ya Chumvi: Kisa cha Kuchagua Saa ya Kifahari Mombasa

Tumchukue msimamizi wa shughuli katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Umri wake miaka 38, nyumba yake iko Tudor, na siku za kazi huwa bandarini kabla ya saa mbili asubuhi. Mshahara wake ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Mwaka huu kampuni imemwandikia barua ya bonasi ya shilingi 700,000. Ada za shule zimelipwa, gari halidaiwi, na tangu ujana wake ana hamu ya saa moja nzuri ya Uswisi, ya mashine, ya kuvaliwa miaka ishirini kisha aachiwe mtoto. Barua imefika Jumatatu. Jumatano rafiki yake mwenye duka Moi Avenue ameshampigia simu: kuna Omega, ya mtu, bei ya kirafiki, lakini asichelewe.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu saa imekuja kabla ya hesabu. Tutakwenda naye hatua kwa hatua, na tutakaa zaidi pale ambapo watu wa Pwani hupoteza pesa: maji, chumvi, na saa ya mkono wa pili isiyojulikana imelala wapi.

Laki saba ya barua si laki saba ya benki

Bonasi huhesabiwa pamoja na mshahara wa mwezi inapolipwa. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2023, mapato ya mwezi kuanzia 32,334 hadi 500,000 hukatwa asilimia 30, yanayofuata hadi 800,000 hukatwa asilimia 32.5, na yaliyovuka hapo asilimia 35. Mshahara wa mnunuzi wetu umeshaingia kwenye asilimia 30, na nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 ya mwezi imeshatumika. Kwa hiyo bonasi inaanza kukatwa pale mshahara ulipoishia. Shilingi 220,000 za kwanza zinatoa kodi ya 66,000. Shilingi 300,000 zinazofuata zinatoa 97,500. Shilingi 180,000 za mwisho zinatoa 63,000. Jumla ni 226,500, na mkononi zinabaki 473,500. Kama mwajiri ana makato mengine, nayo yashuke kutoka hapo.

Tofauti hii si ndogo. Kwa shilingi 129 kwa dola, laki saba ni zaidi ya dola 5,400, na mtu huanza kutazama Omega mpya. Shilingi 473,500 ni kama dola 3,670, na Omega mpya ya kuzamia, inayopita dola 5,500, imeshatoka mezani bila ubishi. Anayeahidi pesa kabla ya kuiona hati ya mshahara hujikuta anakopa Sacco ili amalizie saa, na saa ya mkopo haina raha. Wauzaji wengine watakubali arubuni sasa na salio kwa miezi mitatu. Bora kukataa. Kama mashine itasumbua mwezi wa pili, utakuwa unaendelea kulipia kitu kilicholala kwa fundi.

Tena si vizuri kumaliza zote 473,500 kwenye saa. Saa ya mashine ni kama chombo cha baharini: ukikinunua ndipo umeanza kukitunza. Kila baada ya miaka mitano hadi minane itafunguliwa, isafishwe, itiwe mafuta na mipira mipya ya kuzuia maji, na kwa saa za daraja hili kazi hiyo hugharimu dola mia kadhaa. Kipimo tulichomwekea ni theluthi mbili, yaani shilingi 315,000 na si senti zaidi. Theluthi inayobaki, kama 158,000, sehemu yake iwekwe kando kwa sevisi na bima, nyingine irudi nyumbani.

Siku nzima ya mkono wake

Watu wengi huanza na jina la saa. Sisi tungemwanzisha na mkono wake na siku yake.

Huyu ni Mwislamu anayeswali swala tano. Jambo la kwanza linalotokana na hilo ni dhahabu. Mwanamume Mwislamu havai dhahabu, na muuzaji asiyejua, au anayejua akanyamaza, atamletea saa ya nusu chuma nusu dhahabu akisema ni urembo tu. Dhahabu nyekundu na dhahabu nyeupe nazo ni dhahabu: karati 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu safi, rangi imebadilishwa tu kwa shaba, paladiamu au fedha. Basi zinabaki saa za chuma na za titani, na kwa bei hii chuma ndicho chenye machaguo mengi.

La pili ni udhu. Kwa siku saa hii itakutana na maji mara tano kabla hata hajaoga. Maji lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa, kwa hiyo ataivua au ataisogeza. Akiivua msikitini na kuiweka kwenye ukingo wa birika, siku moja ataisahau. Kuivua na kuitia mfukoni kunafaa, lakini mwenye haraka huiacha mkononi na kuizungusha ili maji yapite. Saa iliyoandikwa mita 30 haifai kwa maisha haya. Ile namba ni presha ya bar 3 kwenye mashine ya kupimia, saa ikiwa mpya na imetulia. Mkono unaozungushwa chini ya mfereji wenye kasi, kwenye saa ambayo mipira yake imeshakauka miaka minne, ni jambo jingine kabisa. Kwa udhu na kuoga tu tungetaka mita 100, na ufunguo wa pembeni uwe wa kukazwa kwa kuzungushwa, si wa kusukumwa tu. Huyu tena huogelea Nyali na wanawe Jumapili. Basi mita 200 au 300.

La tatu ni mkanda. Ngozi kwa Mombasa, kwa mtu wa udhu, haikai. Jasho la mchana na maji ya mara tano huifanya ivimbe, ikauke, ipasuke penye matundu, na baada ya miezi michache inanuka hata ukiisafisha. Mkanda wa ngozi uwe wa Idi na harusi. Saa yenyewe inunuliwe na cheni yake ya chuma tangu dukani, kwa sababu cheni ya asili ukiitafuta baadaye peke yake ni ghali sana. Ukitaka mpira, utaununua wakati wowote.

La nne ni sumaku. Ofisini kwake kuna redio za mawasiliano, spika, kompyuta, na kifuniko cha tableti chenye sumaku ambacho saa hulazwa juu yake bila mtu kufikiri. Springi nyembamba kama unywele iliyo kwenye gurudumu la mizani ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana na saa huanza kukimbia, hata dakika kadhaa kwa siku. Wengi hudhani mashine imekufa. Fundi mwenye kifaa cha kuondolea sumaku humaliza kazi kwa sekunde chache, na anayekutoza sevisi nzima kwa tatizo hilo amekuonea. Saa zenye springi ya silikoni hazina ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa.

Mwisho, kipimo cha mkono. Zungusha uzi penye mfupa wa kifundo cha mkono, uutie alama, uupime kwa rula. Wake ni sentimita 16.5, na upana wa juu ya mkono, pale saa inapokaa, ni milimita 54. Namba ya kutazama si upana wa saa ulioandikwa kwenye tangazo, bali urefu kutoka ncha ya sikio la juu linaloshika cheni hadi ncha ya sikio la chini. Urefu huo ukikaribia upana wa mkono, saa inaning'inia pande zote mbili kama sinia juu ya kikombe. Kwa huyu, chini ya milimita 50 ni salama.

Majina yaliyowekwa mezani

Rolex ilikuwa ya kwanza kutajwa, na ya kwanza kutoka. Submariner mpya ni zaidi ya mara mbili ya pesa yake yote, na maduka yaliyoidhinishwa huandikisha wateja wakangoja. Inayouzwa hapa mjini kwa laki moja ni feki, tuseme waziwazi. Alama moja ya haraka: Submariner, Datejust na Oyster Perpetual za chuma zina mgongo wa chuma mtupu. Ukionyeshwa moja yenye kioo nyuma mashine ikizunguka, asante, rudisha. Lakini kukosa alama hiyo hakuthibitishi kitu. Na lile la kusema akrabu ya sekunde "inateleza" basi ni halisi, tuliache: feki za sasa nazo ni otomatiki, yaani hujijaza kwa mwendo wa mkono, na akrabu zake huteleza vilevile.

Tudor, ambayo jina lake limefanana na mtaa anaoishi, ni chapa iliyosajiliwa mwaka 1926 kwa ajili ya Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex. Black Bay 58 iliyotoka mwaka 2018 ingemkaa vizuri sana: upana milimita 39, unene 11.9, kutoka sikio hadi sikio karibu 48, mita 200, mashine ya MT5402 yenye springi ya silikoni na akiba ya saa 70, yaani muda inaoendelea kwenda baada ya kuvuliwa. Imepita COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa mashine za saa, kwa kipimo cha siku 15 katika mikao mitano na joto la aina tatu, ambapo kwa wastani wa siku mashine isipoteze zaidi ya sekunde 4 wala kutangulia zaidi ya 6. Mpya hupita dola 4,000. Ya mkono wa pili iliyo kamili nayo inavuka kipimo chake cha 315,000. Tena haina tarehe, na mtu huyu huandika tarehe kwenye karatasi mara arobaini kwa siku. Cheni ya matoleo ya mwanzo haina marekebisho ya haraka, na kwa joto letu mkono huvimba mchana: saa iliyokuwa sawa saa moja asubuhi inabana saa nane. Kwa moyo wetu ni saa nzuri kuliko zote. Kwa kisa hiki haikufaa.

Tissot PRX ya otomatiki, milimita 40, akiba ya saa 80, chini ya dola 1,000, ingemwachia pesa nyingi. Mita 100 zinatosha udhu, lakini ufunguo wake haukazwi, na kwa bahari ya kila Jumapili tungependa zaidi. Saa za betri za daraja la juu nazo zisidharauliwe: Grand Seiko yenye mashine ya 9F haikosei zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka mzima. Yeye alitaka mashine ya kamani, yaani springi kuu inayoiendesha, akawa amejibu.

Zikabaki mbili. Longines HydroConquest mpya, na ile Omega ya Moi Avenue.

Omega ya bei ya kirafiki

Ilikuwa Seamaster Diver 300M ya kizazi kilichoanza mwaka 2018: milimita 42, uso wa bluu wenye mawimbi, tarehe penye 6, mashine ya 8800. Mashine hii ni ya kuheshimiwa. Imepimwa na METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, huruhusiwa kutangulia sekunde 0 hadi 5 tu kwa siku, na hustahimili sumaku ya gausi 15,000. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 390,000. Haina kadi, haina boksi. "Shekhe, mwenyewe yuko Oman, makaratasi yamebaki huko. Saa haina neno," alisema muuzaji.

Tuanze na kukosa kadi. Waranti ya Omega ni miaka mitano, na ya saa ya mwaka 2018 au 2019 imeshakwisha hata kadi ingekuwepo. Kwa hiyo kadi isingempa matengenezo ya bure. Faida yake ni kuonyesha tarehe, duka na namba ya saa, ili namba hiyo ilinganishwe na iliyochongwa kwenye chuma. Bila kadi hujui kama saa imeibiwa, na siku utakapotaka kuiuza utapunguziwa bei hiyohiyo uliyodhani umeipata. Jambo la chini kabisa ni hati ya mauziano yenye jina, namba ya kitambulisho, namba ya saa na saini, na malipo yapitie benki au simu, yasiwe ya pesa taslimu mkononi.

Kisha mashine. Mnunuzi aliomba saa ipelekwe kwa fundi asiyehusika na duka, na hilo liwe sharti la kila ununuzi wa mkono wa pili. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Fundi aliijaza kamani kwa kuzungusha ufunguo kama mara arobaini, akailaza kwenye mashine ya kusikiliza mapigo. Kioo kikaonyesha inatangulia sekunde 3 kwa siku, na mzunguko wa gurudumu la mizani ni digrii 285. Kila mtu akafurahi, maana kwa saa nyingi 285 ni afya tele.

Lakini mashine ile ya kusikiliza mapigo hukokotoa mzunguko kwa pembe ambayo gurudumu la mizani hupita katika kila pigo, na ilikuwa imewekwa pembe ya 52, inayofaa saa nyingi za kawaida. Mashine za Omega za koaksiali, 8800 ikiwemo, zina pembe ya 38. Usipoibadilisha, namba inavimba. Fundi akaigeuza hadi 38, akangoja isikilize tena, na 285 ikashuka hadi 208. Kwa saa iliyojazwa mpaka juu na kulazwa uso juu, 208 ni ndogo. Nguvu inatoka kwenye kamani lakini inaliwa njiani: mafuta yamekauka, au kuna unyevu uliokwisha kuingia. Saa bado inakwenda vizuri leo, ndiyo maana ile +3 inadanganya. Kasi hukuambia saa inasemaje sasa. Ule mzunguko ndio hukuonyesha imebakiwa na pumzi kiasi gani.

Kisha akafanya kipimo rahisi ambacho mnunuzi yeyote wa Pwani anapaswa kukijua. Saa hupashwa moto juu ya bamba hadi nyuzi 40 mpaka 45, na kuachwa kama dakika 20 ili joto lifike ndani. Kisha tone la maji ya kawaida, nyuzi 18 hadi 25, huwekwa katikati ya kioo kwa dakika moja, na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Kama ndani kuna unyevu, utafanya ukungu chini ya kioo, pale hasa palipokuwa na tone.

Tone likafutwa. Chini ya kioo pakaonekana duara la ukungu, dogo kuliko senti, likafunika nusu ya neno Seamaster, likakaa muda wa kuhesabu ishirini, likayeyuka.

"Mwanangu," fundi akamwambia, "saa hii imekunywa maji. Ya lini sijui."

Maji hupita wapi kwenye saa ya mita 300? Mara nyingi ni ufunguo uliosahauliwa wazi baada ya kubadilisha tarehe. Wakati mwingine ni mgongo uliofunguliwa na fundi wa barabarani, ukafungwa na mpira uleule wa zamani. Na Seamaster hii ina mlango wa ziada, ile vali ya heliamu penye 10, iliyowekwa kwa ajili ya wapiga mbizi wanaokaa siku nyingi kwenye vyumba vya presha. Muogeleaji wa Nyali haihitaji hata siku moja. Lakini mtu huizungusha kwa kucheza, chumvi inakaa kwenye nyuzi zake, na mpira wake huchakaa kama mingine. Kwa hali ya hewa yetu unyevu hautulii: mchana jua, kisha gari lenye eisii, kisha jua tena, na kila mara saa inapopoa hewa ya ndani husinyaa na kuvuta ya nje kupitia mpira ulio dhaifu.

Muuzaji alishuka hadi 350,000 palepale. Hapa hesabu ndiyo inayoamua, si huruma wala hamu. Shilingi 350,000, ongeza sevisi kamili kwa warsha yenye vipuri halisi na mashine ya kupima presha, ongeza kuituma na kungoja, na kama kutu imeshagusa magurudumu au diski ya tarehe, ongeza vipande ambavyo bei yake haijulikani mpaka ifunguliwe. Jumla inapita 420,000 kwa urahisi, kwa saa isiyo na kadi, yenye urefu wa karibu milimita 50 juu ya mkono wa 54. Tungeweza kukubali saa hii kwa 200,000, na si zaidi. Haikufika huko.

HydroConquest, na namna ya kuinunua

Longines ilianza Saint-Imier mwaka 1832 na leo iko kundi moja na Omega, Swatch Group. HydroConquest ya otomatiki ina mita 300, ufunguo wa kukazwa, pete ya juu ya seramiki isiyochubuka ovyo, tarehe, na mashine ya L888 yenye springi ya silikoni na akiba ya saa 72. Ipo ya milimita 41 na ya 39. Alizijaribu zote mbili, mkono ukiwa umeshushwa ubavuni mbele ya kioo kirefu, maana ukiinamisha kichwa na kuitazama kwa karibu kila saa huonekana kubwa. Ya 39 ikashinda.

Zile saa 72 zina maana kwake. Akiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuvaa nyingine siku za mapumziko, Jumatatu asubuhi ataikuta ingali inakwenda. Omega yenye akiba ya saa 55 ingesimama usiku wa kuamkia Jumatatu, kama saa saba.

Bei ya duka lililoidhinishwa Nairobi ilikuwa shilingi 298,000, VAT ikiwa ndani. Aliwaza pia Dubai. Huko VAT ni asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo, ikitolewa ada ndogo kwa kila stakabadhi, mradi athibitishe uwanjani kabla ya kukabidhi mzigo. Lakini ukiirudisha nyumbani kuna forodha na VAT ya asilimia 16, na anayejificha na saa mkononi huku boksi na risiti viko begini anajitafutia aibu. Kama safari ipo kwa shughuli nyingine, linganisha. Safari ya saa peke yake haikulipa.

Kabla ya kulipa alifanya mambo haya palepale kaunta. Aliifungua orodha ya maduka kwenye tovuti ya Longines yenyewe na kuliona duka hilo humo. Alilinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya waranti, tarakimu kwa tarakimu, na kuhakikisha tarehe ya kuuza imeandikwa ni ya siku ile: waranti iliyoandikwa mapema huanza kuliwa kabla hujavaa. Alizungusha pete ya juu mizunguko miwili na kutazama kama pembetatu inasimama sawasawa penye 12. Alisogeza akrabu hadi tarehe iruke, kuona inaruka nzima na kukaa katikati ya dirisha. Saa mpya nazo hutoka na kasoro, na kasoro iliyoonekana kaunta hubadilishiwa kwa dakika tano. Ikionekana Mombasa baada ya wiki, ni safari ya miezi.

Cheni ilipunguzwa vipande vinne, viwili kila upande, ili bizimu likae katikati chini ya mkono. Kipimo chake kilikuwa mchana, mkono umevimba, na kidole kidogo kinapita chini ya cheni. Nafasi hiyo ndiyo inayopitisha maji ya udhu na kukausha jasho. Vile vipande vinne alivitia kwenye mfuko na kuviweka na kadi. Huwezi kuamini ni saa ngapi za mkono wa pili hupoteza thamani kwa kukosa vipande viwili.

Wiki za kwanza

Tarehe haibadilishwi kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati mshale mfupi unatoka penye 9 kupita 12 hadi 3 usiku. Muda huo meno ya tarehe yameshashikana, na ukilazimisha yanavunjika. Kwa kuwa saa haikuambii kama ni usiku au mchana, ushushe mshale mfupi hadi 6 kwanza, uweke tarehe ya jana, kisha usogeze mbele mpaka tarehe iruke, ndipo upate saa sahihi.

Kukaza ufunguo kuna ufundi wake. Usukume taratibu, uuzungushe kinyume kidogo mpaka uhisi umezama kwenye nyuzi zake, ndipo uukaze kwa ncha za vidole. Ukianza kukaza moja kwa moja nyuzi hupandana, na hilo ndilo linaloua ufunguo wa saa nyingi. Ukifika mwisho, acha, usiubane.

Baada ya bahari, saa huoshwa kwa maji matamu siku hiyohiyo. Tunasisitiza matamu, kwa sababu nyumba nyingi za hapa zinatumia kisima, na maji ya kisima cha Mombasa mengi yana chumvi: ukioshea hayo umepunguza mchanga tu. Chuma cha 316L hakishiki kutu kwa urahisi, lakini chumvi ikikaa ndani ya mianya, chini ya pete, kwenye pini za cheni, penye bizimu, hula vitundu vidogo. Mara moja kwa wiki tumia mswaki laini na sabuni ya maji kidogo, ufunguo ukiwa umekazwa, kisha suuza na kukausha kwa kitambaa. Kila mwaka, mpe fundi mwenye mashine aipime presha. Ni kazi ya nusu saa.

Bima ya nyumba ya kawaida hulinda vitu vilivyo ndani ya nyumba. Saa inayotembea mkononi inapita Likoni kwenye feri na kurudi, kwa hiyo aliomba iingizwe kwenye sehemu ya vitu vinavyobebwa nje, ikitajwa kwa jina, namba na bei, nakala ya risiti ikiambatishwa.

Kwa siku 14 alikuwa akiilinganisha na saa ya simu kila baada ya swala ya alfajiri na kuandika tofauti kwenye daftari. Siku ya mwisho ilikuwa imetangulia sekunde 68, karibu 5 kwa siku. Kwenye daftari palikuwa na kitu kingine: usiku alioilaza uso juu ilitangulia, na usiku alioisimamisha kwa ubavu, ufunguo ukitazama juu, ilirudi nyuma sekunde 2 hivi. Sasa usiku huisimamisha kwa ubavu, na wiki ya tatu tofauti ya siku saba ilikuwa sekunde 11.